Uzi: Je, ni kweli wanamuziki wa Titanic walikufa wakipiga "Karibu na Wewe"? Tumkumbuke Wallace Hartley

#1 Tarumbeta_la_Mbale

Wanajamvi, habari za leo. Jumamosi iliyopita bendi yetu ndogo ya matarumbeta ilialikwa mazishini, si mbali na Mbale hapa Vihiga, kumsindikiza mzee aliyekuwa mpiga ngoma wetu kwa miaka mingi. Jeneza lilipoanza kuteremshwa tulipiga "Karibu na Wewe, Mungu Wangu" kama tulivyozoea, na tulipomaliza mhubiri akawaambia waombolezaji kwamba huo ndio wimbo ambao wanamuziki wa meli ya Titanic waliupiga bila kukoma hadi maji yalipowafika shingoni. Umati ukaitikia amina. Mimi nilikuwa nimeinama namwaga mate yaliyojaa kwenye tarumbeta, na mzee mmoja aliyetoka Kisumu akanisogelea sikioni akasema, "Kijana, hilo hakuna aliye na hakika nalo."

Tangu siku hiyo sijatulia. Ninachojua ni kwamba kiongozi wa bendi ile aliitwa Wallace Hartley, mpiga fidla kutoka London, na kwamba yeye na wenzake sita walizama usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Aprili 1912. Dai langu ni kwamba mhubiri alisema kweli, kwa sababu kisa kilichosimuliwa kwa zaidi ya miaka 100 hakiwezi kuwa kimetungwa tu. Anayepinga aje na hoja.

#2 Bint_wa_Nakuru

Poleni kwa msiba. Kabla hatujafika mbali, nisahihishe mambo mawili. Hartley hakutoka London; alizaliwa mwaka 1878 mjini Colne, Lancashire, mji wa viwanda vya pamba, na alikufa akiwa na miaka 33. Pili, wenzake walikuwa saba, si sita, na katika hao wanane hakunusurika hata mmoja.

Kuhusu wimbo, shahidi anayetajwa sana ni Harold Bride, kijana aliyekuwa msaidizi katika chumba cha simu za upepo melini. Bride alisombwa na maji dakika za mwisho, akajishikilia kwenye mashua iliyopinduka, akaokolewa na meli ya Carpathia. Simulizi yake ilichapishwa katika gazeti la New York Times tarehe 19 Aprili 1912, na humo alisema kwamba aliisikia bendi ikipiga muziki wa kuchangamsha na baadaye "Autumn", yaani majira ya kupukutika kwa majani. "Karibu na Wewe" hakuitaja. Basi kama tunamtaka shahidi aliyekuwa karibu kabisa na meli ilipozama, huyu hapa, na ushahidi wake haumsaidii mhubiri wako.

#3 Mwalimu_wa_Kwaya

Hoja ya Bint ni nzito, lakini kuna jambo ambalo watu wasiosimamia kwaya hulisahau. "Karibu na Wewe" ni maneno. Maneno hayo yalitungwa na Mwingereza Sarah Flower Adams na kuchapishwa mwaka 1841. Mahadhi yake ni suala jingine, kwa sababu wakati ule yalikuwapo angalau matatu yaliyoenea. Wamarekani waliimba mahadhi yanayoitwa Bethany, ya Lowell Mason. Waanglikana wa Uingereza walipenda Horbury, ya John Bacchus Dykes. Wamethodisti wa Uingereza walikuwa na Propior Deo, ya Arthur Sullivan. Ukipiga moja bila maneno, aliyelelewa na nyingine hatatambua kwamba ni wimbo uleule.

Kanisani kwetu Kakamega tunaimba kwa mahadhi ya Mason, yaani ya Kimarekani. Mwaka mmoja nilijaribu kuwafundisha wanakwaya wangu mahadhi ya Dykes. Mama mmoja wa sauti ya pili alifunga kitabu akaniuliza, kwa heshima zote, kwa nini nimeuharibu wimbo wa marehemu mama yake.

Sasa fikirini: Mwingereza akisema alisikia "Karibu na Wewe" na Mmarekani naye akisema hivyohivyo, kuna uwezekano mkubwa kwamba mmoja wao hakuisikia, kwa kuwa bendi haiwezi kupiga mahadhi mawili kwa wakati mmoja. Hartley mwenyewe alikuwa Mmethodisti, na kaburini kwake huko Colne zimechongwa noti za Propior Deo. Waliomzika waliamini kwamba kama aliupiga, aliupiga hivyo.

#4 Mvuvi_wa_Dunga

Mimi si mtu wa noti, ila nimekaa majini. Naomba niwaeleze kuhusu kusikia.

Tunapovua omena usiku, wakati wa giza la mwezi, taa zikielea na ziwa limetulia kama mafuta katika sufuria, sauti husafiri mbali kuliko mnavyodhani. Usiku mmoja tulikuwa watatu katika ngalawa, mbali na ufuo, na kutoka nchi kavu tukasikia watu wanaimba kwenye kesha la matanga. Mimi nilisikia wimbo wa Kianglikana. Kaka yangu alisema ni wimbo wa Legio Maria. Kijana wetu wa kukamata taa alishikilia kwamba ni benga iliyopunguzwa sauti. Tulibishana hadi alfajiri, na tulipofika ufuoni tukauliza: kumbe matanga yalikuwa mawili, nyumba mbili tofauti.

Nimesoma kwamba usiku ule wa Titanic bahari ilikuwa shwari kabisa. Basi sishangai kwamba watu waliokaa mashuani walisikia muziki, na sishangai kwamba kila mmoja alisikia wake. Anayeachana na chombo huku mume wake amebaki sitahani hukisikia kile ambacho moyo wake tayari unakiimba.

#5 Tarumbeta_la_Mbale

Asante Bint kwa masahihisho, nimekubali wanane na nimekubali Colne. Mzee wa Dunga, hiyo benga kwenye matanga nayo tuiweke kwenye orodha ya nyimbo za mwisho za Titanic?

Mwalimu, nimekusoma mara mbili. Hata hivyo naona #3 inanisaidia mimi kuliko inavyomsaidia Bint. Ikiwa mashahidi hawakutambua wimbo kwa sababu ya mahadhi wasiyoyajua, basi hata Bride angeweza kuusikia "Karibu na Wewe" akadhani ni kitu kingine.

#6 Msomaji_wa_Milimani

Niwarudishe kwenye mashahidi. Katika mashua ileile iliyopinduka ambayo Bride alijishikilia, alikuwamo pia Mmarekani Archibald Gracie, kanali, ambaye baadaye aliandika kitabu kizima kuhusu ajali hiyo. Gracie alikanusha kwamba wimbo huo ulipigwa. Hoja yake ilikuwa ya kibinadamu: nyimbo alizozisikia zilikuwa za kuchangamsha, na kama wangepiga wimbo unaowakumbusha watu kifo angeutambua mara moja na angeuona kama kitendo kisicho na busara, kinachoweza kuzua taharuki.

Habari ya "Karibu na Wewe" ilienezwa mapema na abiria kama Vera Dick wa Kanada, aliyeondoka melini kwa mojawapo ya mashua za mwanzo, kwa hiyo alikuwa mbali wakati meli ilipozama saa 8:20 usiku. Wako wanaosema kwamba kisa hiki kilihamishwa kutoka ajali nyingine. Mwaka 1906 meli ya Valencia ilivunjika kwenye miamba ya kisiwa cha Vancouver, na magazeti yakaandika kwamba wanawake waliobaki juu yake waliuimba wimbo huohuo. Miaka sita baadaye, wasomaji na waandishi walikuwa tayari wanajua jinsi meli inavyopaswa kuzama.

Kuhusu "Autumn" ya Bride, kuna kambi mbili. Moja inasema ni mahadhi ya kanisani yenye jina hilo. Nyingine inasema ni waltz, yaani muziki wa dansi, ya Archibald Joyce iitwayo "Songe d'Automne" (kwa Kifaransa, ndoto ya majira hayohayo), iliyopendwa sana Uingereza miaka ile na iliyokuwamo katika kitabu cha nyimbo cha White Star, kampuni iliyomiliki Titanic. Kitabu hicho kilikuwa na nyimbo 352, na wanamuziki walitakiwa kuzijua zote ili abiria akitaja namba tu wapige.

#7 Fundi_Gitaa_Kondele

Nyimbo 352! Na mimi mwenye hoteli alikuwa akiniona shujaa kwa kujua rumba 60.

Ninyi mnabishana kuhusu wimbo, mimi nataka tuzungumzie mshahara. Hartley na wenzake hawakuajiriwa na kampuni ya meli moja kwa moja. Walikuwa chini ya wakala wa Liverpool, C. W. & F. N. Black, aliyechukua mikataba ya kampuni za meli na kuwalipa wanamuziki pauni 4 kwa mwezi, ilhali kabla ya hapo kampuni zenyewe zilikuwa zikiwalipa zaidi ya pauni 6. Walisafiri kwa tiketi moja ya daraja la pili yenye namba 250654, wanane wote, kana kwamba ni abiria.

Sasa sikilizeni hili. Katika wanane hao alikuwamo kijana wa Dumfries, Scotland, John Law Hume, waliyemwita Jock, mpiga fidla wa miaka 21. Wiki chache tu baada ya meli kuzama, baba yake alipokea barua kutoka kwa wakala. Haikuwa barua ya rambirambi. Ilikuwa hesabu ya sare. Shilingi 14 na peni 7, pamoja na gharama ya nembo ya kwenye kola na ya kushona vifungo. Mtoto amelala Atlantiki, baba analipishwa vifungo.

Nina sababu ya kulia na jambo hili. Niliwahi kupiga gitaa katika hoteli moja hapa Kisumu, ambayo sitaitaja, tukiwa bendi ya watu watano iliyoletwa na wakala. Tulipewa mashati mekundu yenye maua. Mpiga besi wetu alipougua akalazwa wiki tatu, wakala alimpigia simu wodini kumuuliza shati liko wapi, na mwisho wa mwezi likakatwa kwenye malipo yetu sote kwa sababu lilikuwa limechanika kwapani. Kwa hiyo mtu akiniuliza wanamuziki wale walikuwa wakiwaza nini usiku ule, mimi nasema labda mmoja wao alikuwa akiwaza jinsi ya kutolowesha sare.

#8 Bint_wa_Nakuru

Fundi, nimecheka kisha nikajuta. Niongeze kwamba mkataba huo uliwaumiza hata baada ya kufa. Familia zilipodai fidia ya mfanyakazi aliyefia kazini, kampuni ya meli ilisema hao si waajiriwa wetu, wakala akasema hao walikuwa abiria, na madai yakashindwa mahakamani. Kilichowasaidia jamaa zao ni mfuko wa misaada uliochangwa na umma.

#9 Mama_wa_Bungoma

Mimi nauliza swali ambalo wote mmelipita kando. Kwa nini hawakukimbia? Mnajua wimbo, mnajua shilingi, lakini hakuna aliyesema kwa nini watu wanane wenye miguu walibaki pale.

#10 Mwalimu_wa_Kwaya

Mama, shikamoo. Maelezo yapo mengi na sijui lipi nishike. Mume wa dada yangu, aliyekuwa baharia wa meli za mizigo Mombasa, husema ni amri tu: bendi huamrishwa ipige ili abiria wasikanyagane, na yule anayeamrishwa hana nafasi ya kujiuliza. Walianzia ukumbi wa daraja la kwanza baada ya saa 6 usiku, kisha wakahamia sitahani karibu na mlango wa ngazi kuu, yaani walifuata walipokuwa watu.

Lakini kuna simulizi ya mwanamuziki mwenzake, Ellwand Moody, aliyepiga naye katika meli ya Mauretania. Moody alisema kwamba siku moja alimuuliza Hartley angefanya nini akijikuta katika meli inayozama, naye akajibu kwamba angewakusanya wenzake wapige, na akataja nyimbo mbili za kanisani, mojawapo ikiwa "Karibu na Wewe". Baba yake Hartley, Albion, alikuwa kiongozi wa kwaya katika kanisa la Kimethodisti huko Colne. Mtoto wa kiongozi wa kwaya, ninavyowajua, wimbo wa kwanza kumjia akitishika ni ule aliopigiwa makofi akiwa mdogo. Ukitaka, Tarumbeta, hii ndiyo hoja bora ya upande wako, ingawa Moody aliyasema hayo baada ya ajali, si kabla.

#11 Mvuvi_wa_Dunga

Mama wa Bungoma, jibu langu ni fupi: wangekimbilia wapi? Mashua zilikuwa 20, zenye nafasi ya watu 1,178, na melini walikuwamo watu wapatao 2,200. Wanaume walisimamishwa nyuma. Anayejua kwamba hana nafasi, akae na mikono mitupu au akae na fidla?

Nilikuwa kijana tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipopinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Hapa Kisumu tulipata habari kwa redio, na wazee ufuoni walikaa kimya siku nzima, maana mtu wa ziwa anajua jinsi watu wengi wanavyoegemea upande mmoja wakati chombo kinainama. Hapakuwa na bendi wala muda wa bendi. Titanic iligonga jabali la barafu saa 5:40 usiku, ikazama saa mbili na dakika 40 baadaye. Muda huo mrefu ndio uliowapa nafasi ya kukumbukwa. Chombo kikipinduka kwa dakika chache, hakuna anayejua nani alikuwa akiimba.

#12 Fundi_Gitaa_Kondele

Mzee, hapo kwenye mikono mitupu umesema kweli, lakini niweke pingamizi la mtu wa nyuzi. Usiku ule hewa ilikuwa karibu na kuganda na maji yalikuwa chini ya nyuzi sifuri. Niliwahi kupiga harusini Timboroa alfajiri ya Julai, na nawaapia kwamba baada ya robo saa kidole kidogo hakikuwa changu. Nilikuwa nakiangalia kinabonyeza uzi usio wake. Fidla ni mbaya zaidi, kwa sababu haina vijiti vya kukuonyesha pa kubonyeza, na vigingi vyake huteleza baridi ikizidi. Mpiga selo anahitaji kiti, na sitaha inainama. Wawili kati yao walikuwa wapiga piano. Hao walibeba nini kwenda nje?

Siamini kwamba walipiga hadi dakika ya mwisho. Naamini walipiga hadi vidole vilipokataa, kisha wakasimama pamoja. Kwangu hilo halipunguzi kitu.

#13 Tarumbeta_la_Mbale

Fundi, umenitoa jasho. Tarumbeta pia huganda mdomoni, najua.

Ila sasa nimepata swali jingine. Inasemekana fidla ya Hartley ilipatikana na ikauzwa. Ilipatikanaje ikiwa kila kitu kilizama?

#14 Msomaji_wa_Milimani

Ilipatikana, ingawa wako wasioamini. Mwili wa Hartley uliokotwa na Mackay-Bennett, meli ya kutandika nyaya za simu baharini iliyotumwa kutoka Halifax, Kanada, ukapewa namba 224. Magazeti yaliandika kwamba alikuwa amejifunga begi la fidla. Wapinzani wanasema orodha rasmi ya vitu vilivyokutwa mwilini haitaji fidla yoyote, na hilo ni kweli.

Wanaoamini wana hoja tatu. Fidla ile ina kibati cha fedha chenye maandishi kwamba ni zawadi ya uchumba kwa Wallace kutoka kwa Maria. Huyo ni Maria Robinson, mchumba wake. Katika shajara ya Maria kuna nakala ya simu ya maandishi ya Julai 1912 ya kuishukuru serikali ya Nova Scotia kwa kumrudishia fidla ya marehemu mchumba wake. Na vipimo vilivyochukua miaka saba, pamoja na picha za mashine ya hospitali, vilionyesha athari za maji ya chumvi.

Maria hakuolewa. Alipofariki mwaka 1939, dada yake aliitoa fidla kwa bendi ya Jeshi la Wokovu mjini Bridlington, ikapita kwa mwalimu wa muziki, ikaishia darini mwa nyumba ya watu hadi mwaka 2006. Tarehe 19 Oktoba 2013 iliuzwa mnadani Devizes, Uingereza, kwa pauni 900,000 kabla ya ada za mnada.

#15 Tarumbeta_la_Mbale

Jeshi la Wokovu! Nusu ya bendi yetu ilifundishwa kupuliza na Jeshi la Wokovu. Yaani fidla hiyo ilikaa kabatini pamoja na matarumbeta kama yetu na hakuna aliyejua thamani yake.

#16 Mama_wa_Bungoma

Msiwaambie viongozi wa kanisa letu, watafungua kila kabati usiku huu.

#17 Fundi_Gitaa_Kondele

Mimi bado nina shaka. Fidla imegundishwa kwa gundi ya ngozi ya wanyama. Nimekarabati magitaa ya zamani ya aina hiyo. Ukitaka kufungua kifuniko unapaka maji ya moto na kisu kinaingia chenyewe. Mtu akisema imekaa majini kwa siku kadhaa na bado ina umbo, namtazama.

#18 Mwalimu_wa_Kwaya

Umesema mwenyewe: maji ya moto. Hayo yalikuwa maji ya barafu, na fidla ilikuwa ndani ya begi la ngozi lililofungwa kwa mtu aliyekuwa akielea kwa jaketi la kuokolea. Huenda haikuzama kabisa. Isitoshe, inasemekana ilipasuka na haipigiki tena, kwa hivyo haikutoka salama.

#19 Bint_wa_Nakuru

Kabla uzi haujawa wa gundi, naomba tutazame kasoro moja. Tumeandika Hartley, Hartley, Hartley. Wenzake je? Fundi amemtaja Jock Hume. Aliacha mchumba mjamzito, na amezikwa Halifax, kama alivyozikwa huko pia John Frederick Preston Clarke, mpiga besi kubwa. Wengine watano hawakuonekana tena: Theodore Brailey, Percy Taylor, John Wesley Woodward, Georges Krins Mbelgiji, na Roger Bricoux, Mfaransa wa miaka 20, mpiga selo. Kuhusu Bricoux kuna jambo la ajabu: kifo chake hakikuandikishwa Ufaransa, na vita vilipoanza mwaka 1914 jeshi lilimhesabu kuwa mtoro. Alipewa cheti cha kifo mwaka 2000.

Hartley alizikwa tarehe 18 Mei 1912 mbele ya maelfu kwa maelfu ya watu waliojaa barabara za Colne. Siku sita baadaye kulikuwa na tamasha la kuwakumbuka wote wanane katika ukumbi wa Royal Albert, London, wanamuziki karibu 500 jukwaani, na miongoni mwa waliowaongoza walikuwa Henry Wood na Edward Elgar. Lakini kumbukumbu za watu humhifadhi kiongozi, wengine wakawa "bendi".

#20 Mvuvi_wa_Dunga

Ndivyo ilivyo hata kwetu. Anakumbukwa mwenye nyatiti, yule anayemwitikia hakumbukwi. Na hapa niseme: mnaandika fidla, fidla, sisi tuna orutu, ina uzi mmoja na upinde, na wazee waliipiga kabla hawajaona Mzungu. Hartley angekuwa mtu wa Siaya angeitwa jathum, yaani mpiga muziki kwa Kijaluo, na mngemwelewa haraka.

#21 Fundi_Gitaa_Kondele

Omera, uzi mmoja usingetosha kwa nyimbo 352.

#22 Mvuvi_wa_Dunga

Ungetosha. Ni wewe usiyetosha.

#23 Msomaji_wa_Milimani

Jambo moja ambalo sijaona mkiligusa: wale wanane hawakuwa bendi moja. Watano walipiga pamoja chini ya Hartley kwenye kumbi na wakati wa chakula cha jioni, na watatu walikuwa kundi la pekee karibu na mkahawa wa daraja la kwanza. Yawezekana usiku ule ndio waliokutana wote wanane kwa mara ya kwanza kupiga. Kwa wapiga muziki waliomo humu, nauliza: watu wasiowahi kufanya mazoezi pamoja huchagua nini?

#24 Mwalimu_wa_Kwaya

Wanachagua kile ambacho kila mmoja anacho kichwani bila karatasi. Inaweza kuwa waltz ya mtaani. Inaweza kuwa wimbo wa kanisani. Kwa Mfaransa Mkatoliki na Mmethodisti wa Lancashire, sina hakika kwamba ni wimbo wa kanisani. Ndugu Tarumbeta, hapo nimekunyang'anya nusu ya nilichokupa katika #10.

#25 Tarumbeta_la_Mbale

Nimekubali kunyang'anywa. Yule mzee wa Kisumu nimepata namba yake, na nilipompigia jana akaniambia kwamba alikuwa mpiga saksafoni na kwamba kilichomkera mazishini si kisa cha Titanic. Ni kwamba tulipiga beti tatu kwa mwendo wa kasi kama watu wenye basi la kuwahi. Sikuwa na la kujibu, kwa sababu basi lilikuwapo na dereva alikuwa akipiga honi.

Jumamosi hii tunarudi nyumbani kwa marehemu kwa ibada ya shukrani. Mwalimu, unazo noti za ile ya Sullivan? Nataka tujaribu Propior Deo, taratibu, hata kama hakuna atakayeitambua.

#26 Mwalimu_wa_Kwaya

Ninazo, nimeziandika kwa mkono, sauti nne. Nitazipiga picha jioni nikitoka shuleni. Tarumbeta zenu ni za B bapa, kwa hivyo itabidi uzipandishe toni nzima. Usisahau, au mtaanza na kinanda cha kanisa kila mtu upande wake.

#27 Mama_wa_Bungoma

Ibada ni saa ngapi, na huyo dereva ni yuleyule?